Kutoa Slaidi za Zamani Kwenye Fremu Bila Kuziharibu: Mwongozo Kamili wa Kabla ya Kuskani

Slaidi nyingi (vipande vya filamu yenye picha, vilivyofungwa kwenye fremu ndogo) zinazoharibika siku ya kuskaniwa haziharibiwi na skana. Zinaharibikia mezani, dakika chache kabla, wembe unapopita palipo na filamu au mtu anapovuta filamu iliyogandia kioo. Makosa ni yaleyale: kukata bila kujua filamu imeishia wapi, kulowesha kwa maji, na kutupa fremu iliyobeba tarehe na maandishi pekee kuhusu picha hiyo.

Kosa kubwa kuliko yote ni kudhani kwamba unaitoa filamu kwenye fremu. Fanya kinyume chake: filamu itulie palepale, fremu ndiyo ibanduliwe kuizunguka. Kila hatua hapa chini imejengwa juu ya jambo hilo.

Vipimo vilivyotumika ni vya slaidi ya kawaida ya milimita 35, yenye fremu ya mraba ya milimita 50 kwa 50. Kwa slaidi za saizi nyingine njia haibadiliki, ila pima upya kabla ya kukata chochote.

## Vifaa

- Glavu za nitrili zisizo na poda, zinazobana vidole. Za pamba huacha nyuzi na hukunyima hisia ya ncha za vidole, na kazi hii inategemea hisia hiyo.
- Bodi ya mwanga, pamoja na taa ya mezani unayoweza kuilaza ubavu.
- Lenzi ya kukuzia mara 8 au 10.
- Kisu cha upasuaji chenye wembe namba 11, na nyembe za akiba. Wembe ulioanza kuwa butu hukufanya usukume kwa nguvu, na ukisukuma kwa nguvu utateleza.
- Spatula nyembamba na butu, ya chuma au plastiki ngumu.
- Kibanio chenye ncha bapa zisizo na meno.
- Plaizi ndogo ya kukatia, kwa fremu za plastiki.
- Kipulizio cha mpira na brashi laini sana. Usitumie hewa ya kopo: ukiinamisha kopo linatema matone, na matone hayo huacha madoa.
- Alkoholi ya isopropili ya asilimia 99 na vitambaa visivyoacha nyuzi. Ya asilimia 70 haifai. Sehemu yake iliyobaki ni maji.
- Mifuko angavu ya poliesta au polipropili ya kuhifadhia filamu. Epuka ya PVC.
- Bahasha ndogo za karatasi, penseli na rula.
- Miwani ya kinga, kama kuna slaidi za kioo.

Zima feni, funga dirisha, futa meza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uiache ikauke kabisa. Tandika karatasi nyeupe laini. Kama slaidi zimetoka mahali pa baridi, ziache kwenye mfuko uliofungwa kwa saa kadhaa hadi zifikie joto la chumba, la sivyo mvuke utatua juu ya filamu yenyewe.

## Hatua ya 1: Amua kama kweli unahitaji kufungua

Slaidi nyingi huskaniwa vizuri zikiwa ndani ya fremu yake. Fungua tu ukiwa na sababu mojawapo kati ya hizi:

- Fremu imefunika kingo za picha unazozihitaji. Picha yenyewe ni milimita 24 kwa 36, lakini dirisha la fremu huwa dogo zaidi kidogo, na kinachofichwa ukingoni wakati mwingine ni uso wa mtu.
- Filamu imepinda kiasi kwamba katikati kukiwa kukali, pembeni kunakuwa na ukungu.
- Ipo kati ya vioo viwili, na skana inaonyesha pete za rangi za upinde wa mvua au vumbi lililojifungia ndani.
- Fremu imeoza, imevunjika, au ni nene kuliko nafasi ya skana.

Kama hakuna hata moja, iache. Kadibodi iliyokwisha kubanduliwa hairudi kuwa fremu.

Ukinusa harufu ya siki, msingi wa asetati wa filamu umeanza kuoza. Slaidi hizo zitenge na nyingine, fungua dirisha wakati wa kuzishughulikia, na uziskani mapema. Kama bado zinaskanika ndani ya fremu, skani hivyo kwanza, kisha ndipo ufikirie kufungua.

## Hatua ya 2: Piga picha fremu, mbele na nyuma

Ipige kwa simu ikiwa imelala bapa, pande zote mbili, maandishi yakisomeka. Kisha andika namba moja kwa penseli kwenye bahasha na kwenye karatasi ndogo itakayoingia mfukoni na filamu.

Fremu hubeba namba ya mpangilio, majina yaliyoandikwa kwa mkono, na mara nyingi mwezi na mwaka uliogongwa kiwandani. Tarehe hiyo ni ya kusafishwa kwa filamu maabara, yaani picha ilipotokezwa kwa kemikali. Picha yenyewe yaweza kuwa ilipigwa wiki au miezi mingi kabla, kwa hiyo usiinakili kana kwamba ni siku ya tukio.

Fanya kazi na slaidi moja tu kwa wakati. Filamu mbili zilizo uchi juu ya meza moja ni mwanzo wa kuchanganya namba.

## Hatua ya 3: Jua utando uko upande gani

Filamu ina pande mbili. Mmoja ni msingi wa plastiki, unaong'aa sawasawa. Wa pili una utando wa jelatini uliobeba rangi, na ndio wenye picha. Mkwaruzo kwenye msingi mara nyingi hurekebishika baada ya kuskani. Mkwaruzo kwenye utando umeondoka na kipande cha picha.

Laza taa ubavu, inamisha slaidi polepole, utazame mng'ao na wala si picha. Upande wa utando una mng'ao uliofifia zaidi kidogo, na mipaka ya vitu huonekana kama imechongwa: ukingo wa paa au mstari wa bega unainuka kidogo. Kwenye Kodachrome, aina ya filamu ya slaidi ya Kodak, mchongo huu ni dhahiri hata bila lenzi.

Fremu nyingi za kadibodi za Kodak zimeandikwa "This side toward screen". Upande huo ndio wa utando. Usiutegemee peke yake, maana slaidi iliyowahi kufunguliwa yaweza kuwa ilirudishwa kinyume.

Uthibitisho wa mwisho: ukiitazama picha na mabango au namba za magari zikasomeka sawa, msingi ndio unaokutazama.

## Hatua ya 4: Fahamu filamu imeishia wapi

Hapa ndipo wengi huharibu. Dirisha unaloliona si mwisho wa filamu. Ndani ya fremu filamu inaendelea, ikiwa na matundu yake ya pembeni, hadi upana wa milimita 35 na urefu wa takriban milimita 38, yaani matundu 8 kila upande mrefu.

Toa hesabu kwenye milimita 50. Kwenye ncha mbili fupi za picha, filamu imeishia kama milimita 6 kutoka ukingo wa nje wa fremu. Kwenye pande mbili ndefu, milimita 7.5. Na kwa kuwa mashine haikuiweka katikati sawasawa kila mara, kikomo chako kiwe milimita 4. Wembe usiingie zaidi ya hapo upande wowote.

Pima milimita 4 kutoka ncha ya wembe na ubandike kipande kidogo cha tepu kuanzia hapo. Tepu ikigusa ukingo wa fremu, umefika.

Pembe ndiyo sehemu iliyo mbali zaidi na filamu, ndiyo maana kazi yote inaanzia kwenye pembe.

## Hatua ya 5: Fungua fremu kulingana na aina yake

### Kadibodi

Fremu hii ni majani mawili ya kadibodi yaliyogandishwa kwa joto. Haina kufuli wala mshono. Lazima majani yatenganishwe.

1. Laza slaidi upande wa utando ukiwa chini. Utando utaning'inia juu ya dirisha bila kugusa karatasi, na wembe ukiteleza utakutana na msingi, si picha.

2. Shika ncha ya pembe moja kwa kidole gumba na cha shahada, isizidi milimita 5, uikunje juu na chini mara 4 au 5. Utasikia mlio mdogo mkavu, na ukitazama ukingo utaona ufa mwembamba kama unywele kati ya majani. Kama haukuonekana, nenda pembe nyingine. Usianze kuchonga.

3. Ingiza wembe kwenye ufa ukiwa umelala sambamba na meza. Ncha ielekee kando ya ukingo, kamwe isielekee dirishani. Usogeze kidogo kidogo hadi pembe inayofuata, kisha fanya upande wa pili unaopakana nao.

4. Weka wembe chini. Kuanzia hapa ni spatula tu. Wengi huendelea na wembe kwa sababu mambo yanakwenda vizuri, na hapo ndipo matundu ya pembeni hukatwa.

5. Pitisha spatula chini ya jani la juu, uikandamize filamu kwa upole kwenye eneo la matundu. Kwa mkono mwingine likunje jani hilo lijilalie lenyewe kwa nyuma, kama unavyobandua stika ukutani: mvuto uende mlalo. Ukilivuta kwenda juu, linainuka na filamu na kuikunja.

6. Ukihisi filamu inafuata, simama. Kuna gundi iliyogusa ukingo wake. Rudisha jani, telezesha spatula katikati yake na filamu mahali hapo, kisha endelea.

7. Jani la juu likishatoka, shika filamu kwa kibanio kwenye matundu na ulikunje jani la chini kwenda chini, mbali nayo. Usiichokonoe filamu kutoka juu.

Umefaulu ikiwa: jani la juu limetoka zima au karibu zima, matundu yote yamesalimika, na hakuna mstari mweupe wa mkunjo kwenye filamu. Nyuzi za karatasi kando ya filamu ni kawaida. Zitaondoka kwa brashi.

### Plastiki

Tazama kingo kwa lenzi kabla ya kugusa chombo chochote, kwa sababu kuna aina tatu na kila moja ina tabia yake.

Ya *kubofya* ina nusu mbili zilizoshikana kwa vijino. Tafuta pengo dogo kwenye pembe au kwenye ukingo, ingiza spatula, uizungushe robo. Inafunguka kwa mlio na inaweza kutumika tena.

Ya *mfereji* ni kipande kimoja chenye mpasuo ubavuni ambamo filamu ilisukumwa. Ipinde fremu kidogo sana ili filamu ivuke vishikizo vyake, ishike kwenye matundu, uivute sambamba na mpasuo.

Ya *kuchomelewa* ndiyo inayosumbua. Utaona nukta au ukingo ulioyeyushwa kuzunguka fremu. Kata pembe moja kwa mshazari kwa plaizi, ukianzia milimita 8 kutoka ncha ya pembe kila upande. Mkato huo bado unaiacha filamu umbali wa karibu milimita 4. Sasa utaona mpaka wa nusu mbili. Ingiza spatula na uizungushe, si kuisukuma ndani. Nukta zitaachia moja moja. Kata pembe ya mkabala kama upande wa pili umekataa.

Plastiki ya zamani hupasuka na kurusha vipande vyenye makali. Funika dirisha pande zote mbili kwa karatasi laini kabla ya kukata.

### Kioo

Vaa miwani. Kisha, kabla ya kufungua, jibu swali moja: je, filamu imegandia kioo?

Iinamishe slaidi chini ya taa ya ubavu, ubonyeze kioo kidogo sana kwa kidole. Pete za rangi zinazohama au kubadilika unapobonyeza ni dalili kwamba filamu imekikaribia kioo tu. Hizo si tatizo. Lakini ukiona baka lenye mpaka mkali, lenye giza kidogo kana kwamba limelowa, na halitikisiki hata ukibonyeza, utando umeshikana na kioo.

Ukiona baka hilo, usifungue. Jelatini iliyogandia kioo huwa imekishika kwa nguvu kuliko inavyoshika filamu yake. Ukivuta, picha inabaki kwenye kioo. Wala usilowanishe wala kuigandisha kwa baridi kujaribu kuiachia. Safisha kioo kwa nje, skani hivyo hivyo, na urekebishe dosari kwenye kompyuta.

Kama hakuna baka, endelea:

- *Vioo viwili vilivyofungwa kwa tepu ukingoni:* simamisha slaidi kwa ukingo wake na upasue tepu katikati ya unene, pale vioo viwili vinapokutana. Ukipasua kwa juu, wembe unateleza kwenye uso wa kioo hadi kidoleni. Kisha laza slaidi na telezesha kioo cha juu pembeni kidogo kabla ya kukiinua. Kuteleza kunakuonyesha mapema kama kuna mahali pamegoma.
- *Fremu ya plastiki yenye vioo ndani:* inabofya kama ile ya kwanza, ila zungusha spatula karibu na pembe. Ukibenua katikati ya ubavu, kioo kinapasuka.
- *Fremu ya alumini:* fungua kingo zilizokunjwa kwa spatula, kidogo kidogo, kisha telezesha pakiti nje. Kingo zake zinakata glavu na kidole pamoja.

Kioo kilichopasuka kibandike tepu kwa nje, juu ya ufa, kabla ya yote. Vipande vitatoka pamoja badala ya kumwagikia utando.

Ndani mara nyingi utakuta filamu imebandikwa tepu kwenye karatasi nyembamba yenye dirisha. Kama tepu iko kwenye matundu tu, kata karatasi kuizunguka na uiache tepu ilipo. Haionekani kwenye skani, na kuing'oa kuna hatari kuliko kuibakiza.

## Hatua ya 6: Safisha kwa mpangilio, kavu kwanza

Shika filamu wima kwa kibanio kwenye matundu, upulize mara 4 au 5 kutoka juu ili vumbi lianguke. Kisha brashi, mwelekeo mmoja, bila kukandamiza. Filamu nyingi haihitaji zaidi ya hapo.

Mafuta ya vidole upande wa msingi: matone mawili ya alkoholi kwenye kitambaa, si kwenye filamu, kisha pitisha mara moja kutoka katikati kwenda nje. Inakauka kwa sekunde chache. Geuza kitambaa kabla ya kupitisha tena, la sivyo unakokota chembe uliyoiondoa.

Upande wa utando ujaribu kwanza kwenye ukingo wa matundu. Kitambaa kikichukua rangi, au mng'ao ukibadilika, acha.

Ukungu wa kuvu, ule unaofanana na mizizi midogo au utando wa buibui, usiuguse kwa kitu chochote chenye maji. Kuvu huila jelatini na kuifanya iyeyuke majini, kwa hiyo tone moja laweza kufuta anga lote. Brashi kavu, basi.

## Hatua ya 7: Nyoosha

Filamu iliyokauka hujikunja kuelekea utando. Iweke kwenye mfuko wake, kati ya karatasi mbili safi, chini ya vitabu vizito kwa siku mbili. Pasi na mashine ya kukaushia nywele hazina nafasi hapa. Joto huipinda upya kwa njia usiyoweza kuirekebisha.

Ikigoma, iweke kwa muda kwenye fremu mpya ya vioo vilivyotengenezwa kuzuia pete za rangi. Inakuwa bapa kabisa. Utalipa kwa kuwa na nyuso nne zaidi za kufuta vumbi.

## Hatua ya 8: Skani

Weka filamu kwenye kishikizo cha vipande vya milimita 35, utando ukielekea upande unaotakiwa na skana yako. Kama hakina cha kuizuia isiteleze kwa kuwa ni fupi, tumia fremu mpya ya kubofya yenye dirisha kamili la milimita 24 kwa 36.

Herufi na namba za kiwandani zilizo kando ya matundu, kama zipo, sasa zinaonekana. Zikisomeka sawa, msingi ndio unaokutazama. Ni uthibitisho bora kuliko picha yenyewe, hasa ya mandhari isiyo na maandishi.

Kwenye programu ya skana, kata picha kwa nje kidogo, ukiacha mstari mweusi unaoizunguka uonekane. Ulifungua fremu ili upate kingo, usiziache kwenye programu.

Kwa dpi 4000 (nukta 4000 kwa kila inchi) utapata takriban pikseli 5,670 kwa 3,780, yaani megapikseli 21. Faili la TIFF la biti 16 kwa kila rangi litakuwa karibu megabaiti 130, basi andaa nafasi kabla.

Usafishaji wa vumbi kwa miali ya infraredi hufanya vizuri kwenye slaidi nyingi za rangi. Kwa filamu nyeusi na nyeupe zenye chembe za fedha haufai kabisa, na kwa Kodachrome mara nyingi hula maelezo ya picha ukidhani ni vumbi. Uzime, na urudi Hatua ya 6 kama bado kuna chembe.

Umefaulu ikiwa: ukikuza hadi asilimia 100, chembe za filamu (punje ndogo zinazounda picha, si vumbi) zinaonekana kali katikati na kwenye pembe zote nne. Pembe moja ikiwa na ukungu, filamu haijalala bapa. Rudi Hatua ya 7 badala ya kuongeza ukali kwa programu.

## Hatua ya 9: Hifadhi

Rudisha filamu mfukoni, utando ukielekea upande uleule kwa slaidi zote, na karatasi ya namba nyuma yake upande wa msingi. Weka mahali pakavu, penye giza na baridi ya wastani.

Mabaki ya fremu yenye mwandiko au muhuri yaingie kwenye bahasha yake yenye namba hiyohiyo. Yaweke sanduku tofauti na filamu: kadibodi na gundi ya zamani hutoa asidi. Vioo vilivyopasuka vifunge kwa gazeti na tepu kabla ya kuvitupa.

Fungua slaidi inayofuata baada tu ya kukagua faili la hii, na kuhakikisha limehifadhiwa mahali pawili.